Aliyetumwa Ransom

Kama kuna mtu duniani aliyeajiriwa ili asitazame mpira, basi ni Del Hruska, kocha msaidizi wa timu ya chuo. Kila Jumamosi watu wa Pawnee Bend wakisimama na kupiga kelele hadi mishipa ya shingo inatoka, yeye alikuwa ameukodolea macho upande wa pili wa uwanja, kwa makocha wa wageni. Mpira wao ule wa Kimarekani, wenye umbo la yai, unachezwa kwa amri. Mtu akiangushwa, mchezo unasimama, na makocha wanawaambia vijana wafanye nini zamu inayofuata. Kelele zenyewe hazikuruhusu hata usikie jina lako, kwa hiyo amri zinatolewa kwa ishara. Watu watatu wanasimama pembeni na kofia za rangi tofauti, wanajishika pua, wanajipiga mapaja, wanainua mbao zenye picha za bata na trekta. Wawili wanadanganya. Mmoja ndiye mkweli. Kazi ya Del ilikuwa kumjua huyo mkweli kabla ya mapumziko, na karibu kila mara alimjua.

Na msiniambie huo ni wizi! Kanuni zao wenyewe zinaruhusu. Ulichokiona kwa macho yako, siku ya mechi, ukiwa upande wako wa uwanja, ni halali yako kama maziwa ya ng'ombe wako. Kinachokatazwa ni kwenda kukaa jukwaani kwenye mechi ya mpinzani utakayekutana naye baadaye, na kurekodi ishara zake kwa kamera ni dhambi juu ya dhambi. Mpaka huo kila kocha anaujua, na karibu kila kocha ameshawahi kuuvuka walau kwa kidole cha mguu. Nimeishi na watu hawa miaka mingi, malaika sijamwona.

Ila msimu ule Del alikuwa na kila sababu ya kuwa malaika. Kocha mkuu, mzee Norbert Pohl, magoti yalikuwa yamemwisha na alitangaza kustaafu baridi ikiingia. Mkuu wa chuo akamwita Del ofisini, akafunga mlango, akamwambia kiti ni chake, msimu ukiisha tu watatangaza. "Sharti moja, Bwana Hruska. Usituletee aibu." Del alikuwa msaidizi maisha yake yote. Nywele zilimwota nyeupe kwenye usaidizi. Alishuhudia vijana aliowafundisha kufunga kamba za viatu wakipewa vyuo vyao, na yeye akibaki kubeba mbao za bata. Alipofika nyumbani na habari ile, mkewe Marlys aliegemea sinki akalia, kisha akajifuta kwa aproni.

"Sasa ole wako uharibu," alisema.

Sasa mjue Curt Maddox. Curt ni kocha mkuu wa Great Fork, chuo kile kikubwa chenye uwanja unaomeza watu wa miji mitatu ya kwetu na nafasi ikabaki. Lakini kabla ya ukubwa huo, yeye na Del walikuwa makocha wanafunzi, wakilala chumba kimoja juu ya bucha, wakila soseji zilizokataliwa na wateja. Curt alikuwa na mdomo, Del alikuwa na macho. Mdomo ulipanda ngazi. Hata hivyo hawakuachana. Baba yake Del alipokuwa anakata roho, Del yuko ugenini na timu na theluji imefunga barabara, ni Curt aliyekaa na mzee hospitalini hadi mwisho. Jambo kama hilo mtu halisahau. Del hakulisahau, na Curt alijua kwamba Del hakulisahau.

Basi ikafika wiki ambayo Pawnee Bend hawana mechi. Del yuko gereji anafuta matope kwenye viatu, simu ikaita.

"Mzee, umelala?"

"Asubuhi yote hii nilale, mimi paka? Sema shida yako."

"Nimekusalimu tu, naambiwa nina shida!"

"Curt, hujawahi kunisalimu bure tangu tuko juu ya bucha. Unataka ishara za Cedar Mills? Tulicheza nao, nitakutumia zote."

Hiyo ni desturi ya makocha. Ukishacheza na timu, ulichokisoma kwao unampa rafiki anayekwenda kucheza nao, naye kesho atakupa cha kwake. Hakuna anayeuliza.

"Za Cedar Mills nitashukuru," alisema Curt. "Lakini kinachoninyima usingizi ni Ransom. Jumamosi wanacheza kwao. Kutoka kwako ni mwendo wa nyimbo chache za redio."

"Usinianze."

"Sijasema neno."

"Unataka nikakae jukwaani nirekodi. Tuma watu wako."

"Watu wangu wakionekana nimekwisha, mimi nacheza na Ransom baada ya wiki mbili. Wewe hukutani na Ransom mwaka huu wala mwakani. Kanuni inasema nini? Mpinzani *wako*. Ransom ni mpinzani wako?"

Kanuni ile Del aliijua kwa moyo, akaipitia kichwani neno kwa neno, na kweli ilisema hivyo. Na hapa ndipo alipoponzwa na ufundi wake mwenyewe. Kocha aliyezoea kutafuta upenyo katika ukuta wa mabeki hutafuta upenyo kila mahali, na akishauona, miguu inakwenda yenyewe. Mtu wa kawaida angejiuliza kama jambo ni sawa. Del alijiuliza kama linapita.

"Halafu mkuu wako wa chuo alinipigia," Curt akaendelea, sauti imelainika. "Anataka neno langu juu yako kabla hajatangaza. Nikamwambia, ukimkosa Hruska umekosa kocha."

"Ulimwambia hivyo?"

"Kwani sisi ni nani, Del? Nani alimfunika mzee wako blanketi?"

Del akasema atakwenda.

Marlys hakupenda. Alikuwa anakanda unga wa kolache, vile vimkate vitamu vya matunda, mikono imejaa, akauliza bila kuinua kichwa, "Kwa nini hakuandika?"

"Aandike nini?"

"Hayo aliyokuomba. Wewe unamwandikia hata ukipiga chafya. Yeye akitaka kitu anapiga simu. Miaka yote hii sijaona neno lake moja kwenye simu yako isipokuwa 'Krismasi njema'."

"Hapendi kuandika tu, mama."

"Hata mimi ningekuwa natuma mtu mahali pabaya nisingependa."

"Marlys, huyo ni Curt!"

"Najua ni Curt. Nimemfulia mashuka." Akaendelea kukanda.

Jumamosi Del akaenda Ransom. Alivaa kofia nyekundu ya wenyeji, akakaa juu kabisa ambako upepo unakata masikio, akaegemeza simu kwenye goti na kuielekeza kwa makocha wa Ransom. Karibu naye alikaa bibi mmoja amejifunga mablanketi mawili, ana chupa ya chai ya moto na boksi la mikate ya mdalasini. Ransom wakafunga. Uwanja mzima ukaruka. Del hakujua hata wamefunga.

"Kijana," bibi akamwambia, "mpira uko kule."

"Naam, bibi."

"Wewe unatazama huku. Mke wako yuko huku?"

"Hapana, bibi. Nina... shingo. Inakaza na baridi."

"Pole. Kula mkate basi, labda italegea."

Del akala mkate. Ulikuwa mtamu, akasifu, bibi akafurahi akampa wa pili. Ransom wakafunga tena, Del akakosa kuona tena. Bibi akamtazama vizuri, kofia hadi viatu. Laiti Del angejua! Mwenye kofia ya njano kule chini, yule aliyekuwa akijishika pua tangu asubuhi, alikuwa mtoto wa bibi huyo wa kumzaa.

Jioni ileile Del akamtumia Curt video zote. Akaandika kwa mkono wake: "Mzigo wako huu. Kofia ya njano ndiye mkweli, wengine porojo." Curt hakujibu kwa maandishi. Alipiga simu, akacheka sana, akasema, "Mzee, wewe ni shetani mwenye miwani," na Del akalala na raha ya kijana aliyesifiwa na kaka yake. Wiki mbili baadaye Great Fork wakawakuta Ransom na kuwatandika kipigo ambacho hata watangazaji walikionea huruma. Kila Ransom walichotaka kufanya, Great Fork walikuwa wamefika kabla yao.

Aibu ile ndiyo iliyomrudishia bibi kumbukumbu. Mezani, mwanawe kainamisha kichwa, hali chakula, bibi akasema, "Mbona kulikuwa na mwanamume mmoja jukwaani, shingo yake inakaza upande wako tu?" Mtoto akaacha uma. Kesho yake wakatazama kamera za uwanja, wakaona kofia, wakaona simu, wakaona goti. Tiketi ilikuwa imenunuliwa kwa kadi yenye jina la Delbert Hruska, maana mpelelezi wetu hakuwaza hata kidogo kwamba yeye ni mpelelezi.

Ofisi ya kanuni ikamtuma Bi Renata Oyler. Alikuwa mama mkavu, mpole, asiyekunywa kahawa ya watu. Del alimpokea bila hofu kubwa. Usiku wa kuamkia siku ile alimwandikia Curt, "Wanakuja. Tuwaambie ukweli tu, wewe ulikosea kuniomba, mimi nilikosea kwenda, tutapigwa mechi mbili tatu nje na yataisha." Curt hakujibu, na Del akaona ni kawaida yake.

"Bwana Hruska," alisema Bi Oyler, "video hizi tunazo. Great Fork walituletea wenyewe."

"Wenyewe? Curt?"

"Kocha Maddox anasema ulimtumia bila kuombwa. Anasema ulikuwa unatafuta kazi kwake."

Del akacheka. Kweli kabisa, alicheka, akidhani ni mtego ule wa wapelelezi wa kutenganisha watu. "Mama, mpigie basi. Mpigie sasa hivi."

"Tulikaa naye ofisini kwake, yeye na mawakili wa chuo. Alisema hivyo mara mbili, na akatia saini."

Kicheko kikamkauka Del mdomoni. "Walileta lini?"

"Jumatatu."

"Jumatatu hii? Nilizituma mwezi mzima uliopita! Amekaa nazo, amecheza nazo, amewaua Ransom nazo, ndipo anakuja kuripoti baada ya kusikia mnanitafuta?"

"Anasema hakuzifungua."

"Waliwapiga kama ngoma!"

"Kushinda si ushahidi," alisema Bi Oyler. "Na kanuni inasema aripoti. Haisemi lini."

Hapo Del akautambua upenyo ule. Ni uleule aliopita yeye, ila mwenzake alikuwa na mawakili wa kumshikia mlango.

Akamweleza mama yule yote, bucha, baba, simu, kila kitu. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kama kuna neno lolote la Curt, popote, linaloonyesha kwamba aliomba. Del akafungua simu na kupekua miaka. Upande wake yalijaa maneno, utani, michoro, pole, hongera. Upande wa Curt: Krismasi njema. Krismasi njema. Krismasi njema.

"Mimi nakuamini," alisema Bi Oyler akifunga mkoba. "Lakini mimi naandika tu nilichokuta. Wanaoamua ni wengine, na Great Fork wapo fainali mwaka huu, nchi nzima itatazama. Sikukwambia hili."

Wanasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Sawa. Msumeno ule walipouleta Pawnee Bend ulikuwa na meno upande mmoja. Great Fork walipewa barua ya shukrani kwa ushirikiano wao. Kwa Del wakasema kurekodi ni kurekodi, awe mpinzani wako au asiwe, akafungiwa ukocha miaka mitano. Mwanamume wa umri wake, miaka mitano ndiyo yote iliyobaki! Mkuu wa chuo hakumwita hata ofisini. Alimtuma katibu wake achukue funguo za uwanja, na kiti akapewa kijana kutoka jimbo lingine aliyetamka jina la mji vibaya siku ya kutambulishwa. Mzee Pohl alikuja kukaa na Del kibarazani mchana kutwa, akaondoka na magoti yake. Del hakumkasirikia yeyote kati ya hao. Uchungu wake wote ulikuwa na jina moja. Akiamka alilikuta kitandani, akinyoa alilikuta kwenye kioo. Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema, lakini wasichosema ni kwamba hata ukishamjua, bado mkono unakataa kumtoa.

Maana Del bado alimsubiri. Ndiyo, bado! Kulikuwa na rufaa, mlango unafungwa Ijumaa, na kinachotakiwa ni neno moja la Curt: nilimtuma. Marlys alipomwambia aache kujidanganya, Del alisema, "Amebanwa na mawakili. Akipata nafasi atakuja."

Na akaja. Jumapili, watu wametoka kanisani, theluji inayeyuka barabarani, gari kubwa jeusi likasimama mbele ya nyumba. Curt akaingia kupitia mlango wa jikoni, kama alivyozoea tangu ujana, akamkumbatia Del kwa nguvu na macho yakamlowa. Sidhani aliigiza. Watu wa aina ile hulia kweli.

"Shemeji," akamwambia Marlys, "unapika maharage yale ya pilipili? Harufu imenifuata tangu barabara kuu."

"Ninapika," alisema Marlys. Hakumkaribisha kiti. Curt alijikaribisha mwenyewe.

"Sitazunguka, mzee," Curt alianza. "Nimekuja kwa sababu sikuachi. Wamekufungia uwanja, sivyo? Nimeisoma hukumu. Inasema usikanyage uwanjani, usiingie ofisini. Haisemi chochote kuhusu sebule. Nitakuletea kanda za televisheni, za halali kabisa. Unakaa hapa na soksi zako, unasoma, unaniambia. Tuna fainali Jumamosi, na wale jamaa wana watu wanne wa ishara, Del! Wanne! Hakuna kwangu anayeweza kuwatenganisha. Nitakulipa vizuri kuliko Pawnee Bend ilivyowahi."

Marlys aliuacha mwiko ndani ya sufuria.

"Rufaa inafungwa Ijumaa," Del alisema.

"Najua."

"Neno lako moja tu, Curt."

"Baada ya fainali. Naapa."

"Baada ya fainali mlango umefungwa."

"Kaka, nikilisema kabla, wanatutoa. Nina vijana zaidi ya mia pale, nina makocha wenye wake na watoto. Niwatupe wote hao?"

"Mimi ulinitupa bila kuuliza nina nani."

Curt akajishika uso kwa mikono miwili. Alionekana mzee ghafla, na Del, Mungu amsaidie, akamhurumia. Alivuta kiti, akakaa mbele yake hadi magoti yakakaribia kugusana.

"Haya," alisema taratibu. "Usiwaambie wao. Rufaa iache. Kiti kimeshakwenda na sikitaki tena. Niambie mimi tu. Hapa, jikoni kwangu. Sema, 'Del, nilikutuma Ransom.' Sema mara moja, nisikie kwa masikio yangu kwamba si mimi niliyerukwa na akili. Kisha tule, na yaishe."

Alikuwa anaomba kwa dhati. Mwezi mzima watu walimtazama kama mwizi aliyejituma, hadi usiku mwingine yeye mwenyewe alijiuliza kama kweli aliombwa. Alitaka sentensi ile kuliko alivyowahi kutaka kiti.

Macho ya Curt yakatoka usoni kwa Del, yakatembea juu ya meza, chini ya gazeti, kwenye rafu ya chumvi, kwenye mfuko wa aproni ya Marlys, yakarudi.

"Simu yako iko wapi, Del?" aliuliza.

Del hakuelewa. Kwa muda alidhani jamaa anataka kumpigia mtu, na mkono wake ukaanza hata kujipapasa mfukoni kumtafutia. Kisha akaelewa, na mkono ukabaki palepale. Wazo la kumrekodi Curt halikuwahi kumjia, si siku ile, si siku yoyote tangu chumba cha bucha.

Marlys ndiye aliyezima jiko. "Iko kwenye gari lake, shemeji," alisema. "Unapotoka utaiona kwenye kiti cha mbele. Nenda ukahakikishe, halafu usirudi."

Curt akasimama, akasema kitu kuhusu mawakili, kuhusu nyakati hizi, kuhusu Del kumwelewa vibaya. Kupitia dirisha Marlys alimwona akipita karibu na gari la Del na kuinama kidogo kuchungulia kiooni, kweli kabisa, kabla ya kupanda lake.

Akamgeukia mumewe ili ampe maneno aliyokuwa ameyaweka akiba tangu siku ya unga wa kolache. Del alikuwa bado amekaa, magoti yameelekea kiti kitupu.

"Nilikuwa nimeshamsamehe, Marlys," alisema, akaanza kulia.